Malkia Aliyeketi Juu ya Jagwa

"Choc, yuko wapi?"

"Mbele yangu. Kilomita mbili."

"Usimpoteze. Dakika ishirini tu atakuwa Belize."

"Mpaka naujua, Kanali."

Eulalia Choc aliitupa redio kitini, akakanyaga mafuta. Suzuki Jimny ikaruka shimo. Goti lake la kushoto likamchoma kwa maumivu.

Miaka hamsini na moja. Ishirini na sita kati ya hiyo katika Idara ya Upelelezi.

Alikuwa amechoka.

Kwenye simu yake nukta nyekundu ilikuwa ikisogea mashariki. Kinasa-nyendo hicho alikibandika kwa sumaku chini ya lori asubuhi ile, Santa Elena. Lori lilikuwa limepakiwa xate, majani ya mapambo ya kuuzwa nje. Chini ya majani kulikuwa na jiwe la kale la kuchongwa.

Jiwe lililomuua Profesa Domingo Xol.

Siku tatu nyuma walimkuta chini ya hekalu la El Ramonal, shingo imevunjika. Wenzake wasomi walisema kateleza kwenye mawe yenye utelezi. Jiwe alilolichunguza miaka kumi halikuwepo. Palibaki unga wa jiwe lililokatwa kwa msumeno.

Jana, matangani kule Carchá, msomi mwenzake, Dokta Rodolfo Berganza, alilia kuliko wote. Alimshika mjane mkono.

"Jipe moyo, mama. Alikufa ameshamwona malkia wake, ameketi juu ya jagwa."

Eulalia alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Hakukinywa tena.

Jiwe lile lilikuwa limelala kifudifudi karne kumi na mbili. Domingo aliliinua kwa jeki saa moja tu kabla ya kufa, akamtumia Eulalia picha ya upande uliofichika: malkia ameketi juu ya jagwa, chui wa misitu ile. Hakumtumia mtu mwingine. Na Berganza alikuwa ameapa kwamba hajakanyaga El Ramonal mwezi mzima.

Sasa alikata kushoto, njia ya mkato ya wagema ulimbo. Matawi yakachapa kioo. Akatokea darajani, akaliweka gari katikati ya njia, akashuka na redio na bastola yake ya Beretta.

Lori likaja.

Halikupunguza mwendo.

Alipiga risasi mbili. Tairi la mbele likapasuka. Lori likayumba, likakwama ukingoni. Dereva akaruka, akatokomea msituni. Akamwacha abiria wake.

Berganza alichungulia dirishani, bastola mkononi.

"Ah, Doña Eulalia! Rudi nyumbani ukapike tortilla, mama."

"Nimeshapika asubuhi, Dokta. Tupa hicho chuma."

"Hujui hata kilichoandikwa kwenye hilo jiwe."

"Sijui. Aliyejua ulimsukuma."

Berganza aliitazama bastola yake. Alikuwa amezoea kushika kalamu. Bastola ikaanguka vumbini, naye akashuka taratibu.

"Alikuwa mkaidi," alisema, pingu zikimbana. "Nilimwambia huko ng'ambo litatunzwa. Yeye akataka libaki porini, lioze!"

"Limekaa miaka elfu moja na mia mbili halijaoza, Dokta. Anayeoza ni Domingo."



Wanajeshi walifika na Land Cruiser mbili. Walifunua majani. Malkia alikuwa pale, amekatwa vipande vinne, uso mzima. Eulalia alimtazama kidogo tu.

Redio ikakoroma.

"Kazi safi, Choc! Usiondoke. Waziri anakuja na waandishi wa habari."

"Atanikuta Carchá."

"Carchá kuna nini?"

"Mjane wa Domingo."

"Si ulikuwepo jana matangani?"

"Jana sikumwambia." Alifuta jasho shingoni. "Domingo alinipigia simu siku aliyokufa, Kanali. Akasema anaogopa, nimpelekee watu. Nikamwambia nimechoka, asubiri kesho."

 Redio iliendelea kukwaruza.

Eulalia aliizima. Akachechemea hadi kwenye Jimny, akaigeuza pale darajani, akashika njia ya kusini.