Meno ya Marehemu Yaliletwa Mezani Kwangu

Meno ya mume wangu yalinifikia kazini Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya boksi dogo la vifurushi.

Na mume wangu alikufa miaka sita iliyopita!

Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena, kabla akili haijaelewa macho yanaona nini.

"Tanis, una nini wewe?" Odile akauliza. Mimi na Odile tulikuwa tunakaa meza moja kazini, mwaka wa kumi na moja.

"Sina kitu."

"Huna kitu na umekuwa mweupe kuliko hiyo plasta?"

"Njaa tu."

"Njaa gani, andazi langu lote umelimaliza wewe!"

Ngoja niwaeleze, maana najua mshaanza kuniona chizi.

Naitwa Tanis Lehto, wa hapa Thunder Bay, Ontario, Kanada. Ni fundi wa maabara ya meno. Madaktari wanachukua umbo la meno ya mgonjwa, wanatuletea limemwagwa kwa plasta nyeupe, ile jasi inayokauka ikawa ngumu, na mimi natengeneza kinga... kile kiplastiki kigumu cha kuvaa ukilala ili usisage meno yako mpaka yaishe.

Wagonjwa wenyewe hatuwaoni. Sura hatuzijui, sauti hatuzijui. Meno tu.

Lakini meno tunayajua jamani!

Na haya niliyajua. Chonge ya juu kushoto imekatika pembeni, ilikatwa na mpira wa magongo akiwa shuleni. Meno mawili ya mbele chini yamepandana. Magego yamelika upande mmoja, kwa sababu huyu mtu akisaga anavuta taya kulia. Kinga yake ya kwanza niliitengeneza kwa mikono yangu mwaka tuliooana!

Karatasi ya boksi iliandikwa: Wade Penner. Kliniki ya mji mdogo huko Saskatchewan, mbali na kwetu. Fundi wao wa zamani alistaafu, ndiyo kwanza mwezi huo wameanza kutuletea kazi sisi.

Mume wangu aliitwa Darryl.

Siku aliyokufa ilikuwa Jumamosi ya Februari. Tuligombana. Kisa? Samaki. Kila wikendi yuko ziwani anavua juu ya barafu, mimi na nyumba, nyumba na mimi.

"Nenda!" nilimpigia kelele mlangoni. "Na ukienda usirudi!"

Akapanda pikipiki yake ya theluji, akaondoka.

Jioni wakakuta barafu imepasuka, shimo limemeza pikipiki, kofia yake iko pembeni. Wazamiaji walitafuta siku nne. Mwili haukuonekana. Tukafanya ibada bila jeneza.

Sasa nyie niambieni... maneno yako ya mwisho kwa mumeo yawe "usirudi", halafu kweli asirudi. Utalala?

Mimi sikulala. Nilianza kusaga meno. Mwenye kutengeneza kinga za watu, ya kwake anaitoboa kila mwaka! Odile aliniita mamba. Nilicheka, lakini taya liliniuma hadi kwenye sikio.

Mtu mmoja tu nilimwambia maneno yale. Mama mkwe, Mama Irja.

Alinishika mkono akasema, "Mungu atakusamehe, mwanangu."

Na kila Mei barafu ikiisha, tulikwenda wote wawili ziwani kutupa maua. Mimi nalia, yeye ananishika bega.

Basi Jumanne hiyo, saa ya chakula, nikaificha ile plasta kwenye boksi langu la chakula, nikaendesha hadi nyumbani. Kwenye kabati kuna kopo. Ndani ya kopo kuna kinga ya zamani ya Darryl. Siku ile aliiacha bafuni kwenye glasi, nikashindwa kuitupa.

Kinga ya mtu haikai kwenye meno ya mwingine. Hata mdogo wake wa tumbo moja haimkai.

Nikaiweka juu ya ile plasta. Nikasukuma kwa dole gumba.

Ta!

Ikakaa.

Nilizunguka ile nyumba sijui mara ngapi. Nakaa, nasimama. Nafungua friji, nafunga, sitaki kitu. Alikuwa hai! Anatafuna! Anasaga meno usingizini kwa raha zake, na mimi nimevaa nyeusi!

Kilichonitisha zaidi ni Mama Irja. Ana miaka sabini na minne, presha iko juu. Nikimwambia mwanao yu hai, si nitamuua? Nisipomwambia, ataendelea kumtupia maua mtu aliye hai?

Nilipita mbele ya nyumba yake mara tatu bila kusimamisha gari. Mara ya nne nikaingia.

Alikuwa ameweka pankeki yake nene ya kuoka kwenye oveni.

"Mbona mbiombio hivyo? Kaa, nikumiminie kahawa."

"Siwezi kukaa, Mama."

"Taya tena?"

"Mama, dawa ya presha umemeza?"

"Nimemeza asubuhi. Kuna nini? Unanitisha sasa."

Nikaiweka plasta mezani, juu ya kitambaa chake cha maua.

"Angalia taratibu. Naomba usishtuke..."

Akavaa miwani. Akaichukua. Akaigeuza huku na huku.

Nilijiandaa kumdaka akianguka. Hakuanguka! Hakupiga kelele wala hakuuliza ni meno ya nani. Alipitisha dole gumba kwenye ile chonge, polepole.

"Maskini, limezidi kuvunjika," akasema. "Krismasi halikuwa hivi."

Jamani.

JAMANI!

"Krismasi ipi, Mama?"

Dole gumba likaganda.

"Krismasi ipi?!"

Kila Krismasi Mama Irja huenda Winnipeg kwa dada yake. Mimi ndiye nampeleka stendi ya basi, nambebea begi. Ndani anaweka soksi alizofuma mwenyewe. Soksi ndogondogo. Mimi nikajua za wajukuu wa dada!

Akavua miwani.

"Alinipigia wiki ya tatu baada ya ibada," akasema. "Nilishamlilia, Tanis. Mtoto wako akifufuka, utaanza kumuuliza maswali?"

"Na mimi?"

"Alisema nikikwambia, sitamsikia tena maisha."

"Na mimi, Mama? Kila Mei pale ziwani?"

"Nilikuwa nakuombea."

"Uliniambia Mungu atanisamehe! Anisamehe nini?!"

Pankeki ilianza kunuka kuungua na hakuna aliyeinuka.

"Alikuwa na mwanamke huko kabla," akasema mwishowe, akiangalia kitambaa. "Mwanamke akapata mimba. Ile pikipiki aliisukuma majini mwenyewe."

"Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Huyo mke anajua?"

"Anajua mumewe anaitwa Wade."

"Nipe namba ya Darryl."

"Sina. Hata mimi hanipi. Hupiga mwenyewe, Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Krismasi hunipokea stendi ya Winnipeg, kwake hanipeleki." Machozi yakamtoka sasa. "Utafanya nini, mwanangu?"

"Kazi yangu," nikamjibu. Nikachukua plasta yangu nikatoka. Neno "mwanangu" lilinichoma kuliko yote.

Na kweli, nilifanya kazi yangu. Siku mbili. Nilimtengenezea yule mwanaume kinga nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza maishani! Imekaa, imelainishwa, inang'aa, hata ulimi hauwezi kulalamika.

Sasa sikilizeni. Sisi mafundi tuna desturi moja. Ndani ya plastiki, upande wa nyuma, tunaweka kikaratasi chembamba chenye jina la mgonjwa, tunakifunika kwa plastiki juu, ili kinga za watu zisichanganywe. Jina likishafunikwa, halitoki mpaka uivunje kinga yenyewe.

Niliandika: DARRYL LEHTO.

Nilijua naweza kupoteza kazi. Jina la mgonjwa si la kuchezea kwetu. Niliandika hivyohivyo.

Odile ndiye hukagua kabla kazi haijaondoka. Akaiinua kwenye taa.

"Tanis, umekosea jina hapa."

"Sijakosea."

Akanitazama. Akaitazama ile plasta, ile chonge. Odile alikuwepo kwenye ibada, alikaa kiti cha nyuma yangu.

"Maria Mtakatifu..." akanong'ona.

Alichukua utepe wa gundi, akalifunga boksi yeye mwenyewe.

Siku nane, wapendwa! Kila simu ikilia naruka. Nilikuwa nakula nimesimama, nafanya kazi nimesimama. Bosi akauliza kama kiti changu kina misumari.

Siku ya tisa ikalia, nikapokea mimi.

"Samahani," sauti ya mwanamke. "Ni hapo mnapotengeneza kinga za meno? Namba nimepewa na kliniki."

"Ndiyo, hapa."

"Nadhani mmechanganya. Kinga ya mume wangu inamkaa sawasawa kabisa. Ila ndani ina jina la mtu mwingine."

Niliibana simu sikioni.

"Nimemsomea kwa sauti, kwa utani tu," akaendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Ametoka nje bila koti. Tangu asubuhi hajarudi, na simu hapokei. Dada, naomba uniambie... Darryl Lehto ni nani?"

Nilivuta kiti.

"Umekaa?" nikamuuliza.

"Nimesimama."

"Kaa kwanza, dada yangu. Na mimi nakaa."

Tuliongea saa mbili. Tulilia wote. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikakuta ni mwenzangu, naye kadanganywa kama mimi.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa bosi, nikakiri. Kazi nimeipoteza. Polisi walimpata Darryl siku ya tatu, amelala ndani ya gari pembeni ya barabara, na sasa maswali wanamuuliza wao. Mama Irja hunipigia, sipokei. Labda siku moja nitapokea. Sijui.

Siwadanganyi kwamba nimepona. Bado nasaga meno. Ila sasa nasaga kwa hasira, siyo kwa hatia, na kumbe hasira haitoboi kinga!

Wewe unayesoma hapa, umebeba miaka mingapi neno ulilomtupia mtu mlangoni? Litue. Neno la hasira halikumfukuza. Mwenye kuondoka alishafunga mzigo wake kabla wewe hujafungua mdomo.