Kawa la Kengele

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Umulkheir alikuwa ameshasimama mlangoni akimsubiri mamake amalize kupakua. Ndiyo kazi yake ya kila siku akitoka chuoni kusoma Kurani: kumpelekea babake chakula ghalani. Mamake alipanga sahani ya wali na samaki ndani ya kikapu, akaifunika kwa kawa la ukili lenye ncha juu, ili nzi wasiikaribie, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, akatia na madafu matatu.

"Nenda moja kwa moja," akasema. "Na ukimkuta rafiki yako Tima njiani, mpungie mkono tu, usikae kitako."

"Haya, mama," akajibu Umulkheir. Kisha akamkuta Tima njiani, akakaa kitako.

Haya ninayowasimulia yalitokea kisiwani Pate zaidi ya miaka mia iliyopita, wakati babu za babu zetu walikuwa bado watoto wa kuiba maembe ya jirani. Umulkheir alikuwa na miaka kumi na miwili. Babake, Famau, alikuwa mtunza punda na mlinzi wa kengele katika ghala la Bwana Abdulghafur, mfanyabiashara wa Lamu. Ghala hilo lilikuwa kwenye njia ya kwenda Chundwa, mwendo wa saa nzima kutoka Mtangawanda, mahali ambapo vyombo hushusha watu na mizigo.

Na kengele yenyewe si ile ya kutikiswa kwa mkono, la! Ilikuwa kengele ya umeme, ya kwanza kuonekana upande ule. Fundi aliyeileta kutoka Mombasa alitumia siku tisa kutandaza waya juu ya nguzo za mikoko. Kule Mtangawanda alikaa Yunusi, rafiki wa Famau tangu utotoni, akiangalia mlango wa bahari. Akiona chombo kinakuja, hubonyeza kitufe, na huku ghalani kengele hulia ngriii! Hapo Famau hufungua punda wake na kuteremka nao. Mpaka abiria washuke na mizigo yao, punda wameshafika.

Kwa miezi mitatu kengele ilifanya kazi vizuri kabisa. Halafu siku moja Yunusi akabonyeza, akabonyeza tena, na punda hawakuja. Marobota ya nguo yakakaa pwani hadi maji yakajaa na kuyalowesha. Bwana Abdulghafur alikasirika, lakini akasamehe. Wiki mbili baadaye jambo lilirudi, na safari hii aliyeachwa pwani hakuwa robota la nguo. Alikuwa Bi Alawiya, mama mzazi wa Bwana Abdulghafur.

Ilikuwa siku ileile ya madafu matatu, na Umulkheir alikuwa bado yuko ghalani bibi huyo alipofika. Loo! Bi Alawiya alikuwa mama wa watu, mnene, mwenye heshima zake, aliyezoea kubebwa na punda mweupe mwenye tandiko la zulia. Siku hiyo alikuja kwa miguu, buibui limejaa vumbi, kiatu kimoja mkononi, na nyuma yake mwanawe amebeba mafurushi mawili kichwani kama hamali.

"Ndia yote hii kwa miguu!" akapiga kelele kabla hajafika kizingitini. "Mimi, Alawiya! Nimepita matopeni mpaka magotini! Yuko wapi huyo Famau niyaone mato yake?" Kwao Lamu njia ni ndia, na macho ni mato.

Famau alitoka nyuma kwa punda, mkono mmoja bado una majani. "Karibu, Bi Alawiya. Jamani, kuna nini? Kengele haikulia."

"Nimebonyeza mpaka kidole kimeniuma!" akasema Yunusi, aliyekuwa amewafuata akihema. "Wewe ulikuwa umelala, Famau!"

"Nilale mimi? Wewe ndiye hukubonyeza! Ulikuwa kwenye bao lako!"

Rafiki hao wawili, waliokula sahani moja tangu wadogo, wakasimama wakikaripiana kama majogoo. Bwana Abdulghafur akaweka mafurushi chini.

"Nyamazeni," akasema. "Mmoja anasema alipiga, mwingine anasema haikulia. Basi mmoja wenu ni mwongo, na mimi siweki mwongo kazini kwangu. Ijumaa baada ya sala nitakuja hapa, na mmoja wenu ataondoka."

Usiku ule Famau hakugusa chakula. Alisema maneno machache tu: "Kazi Mungu atanipa nyingine. Lakini kuitwa mwongo mbele ya watu, hilo sitaliweza." Umulkheir alisikia, na moyo ukamuuma. Alimjua babake. Si mtu wa uongo, na mchana halali hata akiwa na homa.

Siku ya pili, Alhamisi, jua bado kali, alipeleka chakula na madafu yake kama jana. Babake alikuwa nyuma akiwanywesha punda. Umulkheir akaingia, akatundika kikapu ukutani karibu na mlango, akageuka kwenda kumwita. Nyuma yake akasikia mlio mdogo: tak.

Akageuka, akaona kikapu kimekivuta chini kile kijiti alichokitundikia.

Hapo karibu na mlango fundi wa Mombasa alikuwa ameweka swichi: mkono wa shaba wenye kishikio cha mti kilichotokeza ukutani. Mkono ukiwa juu, umeme unapita na kengele iko macho. Ukiwa chini, njia ya umeme imekatika, na mtu wa Mtangawanda hata abonyeze mpaka kesho, kengele hailii. Uliwekwa kwa ajili ya radi, isije ikafuata waya usiku mpaka ghalani. Famau huushusha jioni, na akishasali alfajiri huupandisha.

Lakini mtoto wa Pate akiona kijiti kimetokeza ukutani, anaona chango cha kutundikia. Katika nyumba za kule hakiwekwi kitu chini. Chini kuna sisimizi, kuna kuku, kuna paka asiyeshiba. Mtoto hufundishwa kutundika hata kabla hajajua kufunga shuka lake. Umulkheir alikuwa ametundika kikapu pale kila siku, kwa zaidi ya miezi mitatu, bila kufikiri. Siku za wali mtupu kikapu kilikuwa chepesi na mkono haukusogea. Siku za madafu...

"Yarabi," akanong'ona. "Ni mimi!"

Alikitoa kikapu, akausukuma mkono juu haraka, akatoka mbio, akamkuta Tima chini ya mnazi akivunja makoma, yale matunda magumu ya mkoma. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Tima akaacha kuvunja.

"Umeshaurudisha juu?"

"Nimeurudisha."

"Basi nyamaza. Kuanzia leo kitundike pengine. Nani atajua? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na kesho je? Kesho mmoja anafukuzwa. Ama Baba, ama Ami Yunusi."

Tima akaokota koma jingine, akaligeuza mkononi. Umulkheir alikaa pale kidogo akichora mchangani kwa kidole. Kunyamaza kulikuwa rahisi, hasa kwa kuwa labda atakayefukuzwa ni Yunusi. Lakini Yunusi alikuwa na watoto wanne, na mdogo wao alikuwa akimwita Umulkheir dada. Akasimama, akajipangusa, akarudi ghalani.

"Baba," akasema, "si Ami Yunusi na si wewe. Ni kikapu changu." Akamwonyesha.

Famau alitazama swichi, akatazama kikapu, akatazama madafu. Kisha akaketi juu ya gunia na kujipiga paja. "Subhanallah! Unajua, jioni mbili nilikuja kuushusha nikaukuta uko chini. Nikajiambia, ah, Famau, umeanza kuzeeka, umeushusha ukasahau. Nikaona haya kusema." Akatikisa kichwa. "Tazama sasa, mwanangu. Mimi nilificha jambo dogo kwa kuona haya, na rafiki yangu nikamwita mvivu."

Ijumaa, Bwana Abdulghafur alikuja pamoja na mamake, ambaye alisema hakosi kuiona hukumu hiyo kwa mato yake mwenyewe. Yunusi alikuja pia, amemwachia mwanawe kitufe. Umulkheir akasimama katikati yao, mikono nyuma, akasema yote bila kuacha neno.

Bwana Abdulghafur akakunja uso. "Mtoto amefundishwa la kusema ili babake aokoke."

"Sikufundishwa, Bwana," akasema Umulkheir. Sauti ilitetemeka, lakini haikukatika. "Mwambie Ami Yunusi arudi Mtangawanda apige kengele bila kuacha. Utajionea."

Bi Alawiya akacheka. "Mtoto huyu ana moyo! Fanya asemavyo, Abdulghafur. Mimi nina kahawa na sina safari."

Yunusi akapanda punda, akaenda. Umulkheir akatundika kikapu chenye madafu matatu, na mkono ukaanguka, tak. Wakangoja. Saa nzima ikapita, na zaidi ya saa. Bi Alawiya akamaliza kikombe, akamiminiwa kingine. Hakuna aliyesikia chochote isipokuwa nzi na punda wakitafuna.

"Kimya," akasema Bwana Abdulghafur. "Labda Yunusi hajafika."

Umulkheir akatoa kikapu. Akasema bismillahi kimoyomoyo, akausukuma mkono juu.

NGRIIIII!

Bwana Abdulghafur aliruka. Kahawa ya Bi Alawiya ikamwagika yote juu ya buibui. Punda mmoja akakata kamba, akatoka mbio kuelekea Mtangawanda peke yake, maana ndivyo alivyozoeshwa. Na kengele ikaendelea kulia, kwani Yunusi, maskini, alikuwa amekula yamini kwamba leo ataipiga mpaka watu wa Chundwa waisikie.

Walicheka mpaka machozi. Bwana Abdulghafur akamshika Famau mkono akamwomba radhi mbele ya wote, na jioni ile Famau alikwenda mpaka Mtangawanda kumwomba radhi Yunusi. Walirudi kula sahani moja.

Lakini mkono ulikuwa bado uko palepale ukutani. Bwana Abdulghafur, aliyependa sana maandishi, akabandika karatasi juu yake: USITUNDIKE KITU HAPA. Siku ya pili alikuja Barka, mchukuzi wa tumbaku, mtu asiyesoma bila kufuata herufi kwa kidole. Akatundika fimbo yake nzito kwenye kishikio ili kidole chake kipate nafasi, akasoma karatasi yote taratibu. Tak.

"Maandishi mazuri," akasema Barka.

Umulkheir alirudi nyumbani akifikiri. Jikoni mamake alikuwa akipakua, na paka amekaa karibu akipiga mahesabu. Mamake hakumkaripia paka wala hakukaa kumlinda. Aliweka kawa juu ya sahani, akaendelea na shughuli zake. Paka akalizunguka mara mbili, akaondoka.

"Mama!" akasema Umulkheir. "Nigawie ukili."

Alisuka siku tatu, mamake akimsaidia pembeni. Likatoka kawa dogo, gumu, lenye ncha kama pia ya kuchezea. Famau akaufunika mkono wa swichi kwa hilo kawa, akalifunga ukutani kwa ugwe juu, na chini akaweka kijiti cha kulikaza. Mtu akitaka kushusha mkono sharti kwanza achomoe kijiti, kisha anyanyue kawa. Hakuna awezaye kufanya hayo mawili kwa kusahau. Halafu, upande wa pili wa mlango, Famau akapigilia vyango vitano vya mkoko, maana watu wa Pate hata uwakataze vipi, lazima watundike.

Mwezi ulipoandama Bi Alawiya alikuja tena kumtembelea mwanawe, amepanda punda kama inavyomstahili. Aliingia ghalani akizungumza, na bila kutazama akatupia mkoba wake ukutani, palepale. Mkoba uliteleza juu ya kawa ukaanguka puu. Akauokota, akajaribu tena. Puu.

"Ah! Nini hiki kisichokubali mzigo?"

Umulkheir alijizuia kucheka, akauchukua mkoba na kuutundika kwenye chango. "Ndiyo kazi yake, Bi Alawiya. Halikubali."

Bi Alawiya akalitazama lile kawa, akalibonyeza kwa kidole, akamtazama na yule mtoto. Kisha akamvuta karibu na kumketisha ubavuni pake.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Mimi ni mtu mzima, nimekuja hapa nikijua habari yote ya mkono huu, na hata hivyo nimeutundikia mkoba. Binadamu ndivyo alivyo. Husahau. Basi kitu cha hatari usikilinde kwa kumwambia mtu 'kumbuka'. Kilinde hata siku atakaposahau. Hilo ni moja. La pili ni kubwa zaidi: kawa hili lisingesukwa kama ungenyamaza. Kosa likifichwa hurudi, na kila likirudi humwangukia asiye na hatia. Likisemwa ndipo watu hupata pa kuanzia."

"Nimesikia, Bi Alawiya."

"Na ulipokuwa ukisema mbele ya mwanangu siku ile, uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Nilikuona," akasema Bi Alawiya. "Ndiyo sababu niliamini."

Kengele ililia ukutani, kali na safi, na nje Famau alikuwa ameshaanza kufungua punda.