Mzigo wa Nyuzi Mia Mbili

"Ng'ombe wa Ogwedhi wamefika mtoni."

Redio ya mkononi, Motorola, ilikoroma mara moja, ikanyamaza. Bhoke akairudisha mkobani, kando ya bastola yake, Beretta. Fumbo hilo la mpelelezi mwenzake alilijua: wauza bunduki walikuwa tayari wamejificha vilimani Ntimaru, wakingoja kuambiwa doria ya polisi ingepita njia ipi kati ya mbili. Kuwaonya polisi redioni kabla ya kujua habari zilivujia wapi kungewashtua wauzaji hao. Doria ilikuwa ya watu saba ndani ya Land Rover moja. Kiongozi wao ni Wangwe.

Wangwe, kitinda mimba wa mama yake Bhoke.

Ilikuwa Homa Bay, mwaka wa 1998, saa nne na robo asubuhi. Mbele yake ilinguruma kompyuta kuu mpya iliyounganisha redio zote za polisi wa mpakani. Bhoke alikuwa mpelelezi wa polisi, ila hapo watu walimjua kama fundi aliyekuja kuipima kabla haijapokelewa rasmi, na kazi hiyo kweli aliiweza. Programu yake ilizalisha nyuzi za kazi, vijikazi vinavyokwenda sambamba. Kila uzi ulinyakua kipande cha kumbukumbu ya mashine, ukaandika, ukasoma, ukafuta, ukaanza upya bila kupumua.

"Ongeza mzigo, madam!" Tony alicheka. Ndiye fundi wa kampuni iliyoileta. "Hii kitu ni dume. Haichoki."

Bhoke akaongeza. Nyuzi thelathini. Sitini.

Zikakwama.

Mashine ilikuwa na megabaiti 512. Redio na mfumo wenyewe vilichukua 64. Nyuzi zilipaswa kupata 448, zikapata 400 tu. Kulikuwa na programu iliyokalia 48, na kwenye orodha haikuwemo.

"Tony, hizi arobaini na nane ni za nani?"

Kicheko kikakatika. Bastola ya Makarov ikatokea mkononi mwake.

"Unauliza maswali mob sana, madam."

Bhoke akamtandika kibodi kwenye kifundo cha mkono. Risasi ikapasua dari, bastola ikaanguka. Tony akamkaba shingo, akambamiza uso kwenye kabati la chuma. Jino likavunjika. Akambamiza tena.

"Saa nne na nusu hiyo programu inawatumia watu wetu njia yenye polisi wamechukua," alimhemea sikioni. "Na ukizima stima, redio pia inakufa. Utawaonya na nini?"

Zilibaki dakika mbili.

Vidole vya Bhoke vilipapasa meza, vikapata bisibisi. Akaichomeka pajani mwa Tony hadi kwenye mpini. Tony akalia, akajitupa chini kuifuata Makarov.

Beretta ilitangulia. Risasi mbili, kifuani.

Bhoke akaunganisha kibodi upya, damu ikimdondoka kwenye herufi. Nyuzi mia moja. Mia mbili. Kumbukumbu ikajaa pomoni. Diski ikaanza kukereza: kila programu isiyo ya lazima, ile ya siri ikiwemo, ilikuwa ikisukumwa huko ikwame. Redio pekee ndizo zilizopangiwa zisiguswe.

Saa nne na nusu, taa ya modemu, kifaa cha kutuma ujumbe kwa simu, ikawaka. Ikapepesa.

Ikazimika bila kutuma kitu. Bhoke akainyakua Motorola.

"Wangwe, simamisha gari! Kuna watu juu yenu. Zungukeni kilima kwa nyuma!"

"Dada? Mbona unaongea kama mtu amevunjwa meno?"

"Meno baadaye. Shukeni!"

Bhoke aliogopa, tena aliogopa sana. Robo saa nzima aliishika Motorola kwa mikono miwili huku diski ikikereza na Tony akipoa sakafuni.

"Tumewapata kwa mgongo," sauti ikarudi. "Watatu wamekufa, wanne tumefunga pingu. Sisi tuko wote saba, dada."

Akalia. Hakujificha, akalia mpaka akatosheka.

Halafu akachapisha matokeo ya kipimo, akaandika chini yake "Haifai", akatia sahihi.

Langoni mlinzi alikuwa amejibanza nyuma ya pipa.

"Madam, ni nini imelia huko ndani?"

"Ni mashine," Bhoke alijibu, akifungua mlango wa Peugeot 504. "Imechoka."