Mfalme Hakuambiwa Amekufa

Maji yalikuwa machafu.

Yao alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala cha mfalme, beseni la shaba mikononi, akayatazama mara ya pili asije akayasingizia. Kila alfajiri aliyaingiza safi, akayaweka juu ya kigoda kando ya kitanda, akainama, akangoja kidogo, kisha akayatoa safi vilevile na kwenda kuyamwagia mikomamanga. Leo yalikuwa na utando wa mafuta juu yake, kama mchuzi uliolala. Katikati ya utando ulielea unywele mmoja mweupe wa ndevu, na kando yake kipande cha ngozi chembamba kama ganda la kitunguu. Yalinuka samaki aliyesahauliwa kapuni.

Kitanda kile hakikulaliwa na mtu. Mwenye kitanda alikuwa chini ya kilima cha udongo nyuma ya nyumba, ndani ya majeneza matatu, moja ndani ya jingine.

Hapa sharti tuambiane ukweli juu ya mfalme huyu, maana waliomtumikia hawakuruhusiwa kuusema. Alikuwa mtu mkubwa, hilo hatumnyimi. Aliziunganisha falme kwa mikuki, akachimba mifereji, akanyoosha barabara kutoka milimani hadi baharini, na mifupa ya waliozijenga imo humohumo chini ya kokoto. Alipopata kila kitu akabaki na hofu moja tu, ya kufa. Waganga wakamlisha vidonge vya zebaki ili aishi milele. Meno yakameguka, ufizi ukaoza, na kwa kuwa hakuweza tena kumeza nyama, aliitafuna kwa ufizi, akaufyonza utamu wake, kisha akalitoa tonge kwa vidole na kumlisha msichana aliyempendeza siku hiyo. Hilo liliitwa tonge la heshima. Wasichana walilimeza wakitabasamu, kisha wakaenda nyuma ya jiko kulitapika.

Akatunga sheria kwamba jina alilopewa na mamake lisitajwe na kiumbe, wala neno kufa lisitamkwe mbele yake. Akatunga na nyingine: siku atakayokufa, wanawake wake wote wasiomzalia mtoto wateremke naye kaburini, kama walivyoteremka wa baba yake.

Basi akafa. Wazee wa baraza, kwa kuogopa majimbo yasiasi, wakatangaza kwamba Mwenye Miaka Elfu Kumi, kama mfalme alivyotaka aitwe, amekwenda kupumzika. Wanawake wakahamishiwa kwenye nyumba iliyojengwa mbele ya kilima, wamtandikie kitanda, wampelekee maji ya kunawa, wampakulie chakula mara nne kwa siku. Hata njia ya kuteremkia kaburini haikufukiwa. Mlango wa jiwe uliegeshwa tu, maana kufukia ni kukiri. Ulikuwa uongo wa aibu, lakini ndio uliowaweka hai Yao, na mdogo wake Sang, na wenzao wote. Hakuna aliyekufa, basi hakuna wa kusindikizwa.

Yao aliyamwaga maji yale mbali na mikomamanga, akalisugua beseni kwa mchanga na majivu, na hakumwambia mtu. Lakini siri hiyo haikumaliza hata mchana. Samaki aliyepelekwa chumbani alitoka mifupa mitupu, imefyonzwa ikang'aa, imepangwa ukingoni mwa sahani kama mwenyewe alivyokuwa akiipanga enzi zake. Katikati ya sahani palikuwa na tonge. Lilikuwa la kijivu, limelowa, lina alama za ufizi.

Towashi Jing, msimamizi wa nyumba ile, alipoliona alipiga magoti akalia kwa furaha. Alikuwa mtu mnyenyekevu kiasi cha kuchukiza. Muda wote huo alikuwa akitoka kinyumenyume katika chumba kisicho na mtu, asije akakipa mgongo kitanda.

"Amekula," akasema. "Mwenye Miaka Elfu Kumi amekula. Mimi nilikuwa najua, nyie mlikuwa mnanicheka tu."

Akalinyanyua tonge kwa vijiti, akaipitia kwa macho safu ya wanawake, na macho yakatua kwa Sang. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na ndiye aliyelishwa zaidi zamani. Yao akajitokeza akasema apewe yeye. Jing akamwambia yeye hakuwahi kupendwa, akae kando. Sang alifumba macho, akafungua kinywa, na Yao akaliona koo la mdogo wake likipanda na kushuka.

Tangu hapo chakula cha watu hakikumwingia Sang tena. Uji wa mtama akiuonja anautema. Pumzi yake ikawa inanuka mfereji ulioziba, hata wenzake wakasogeza mikeka yao mbali naye. Asubuhi mto wake ulikutwa na vitone vya zebaki vinavyokimbia ukivigusa, kwa kuwa vilikuwa vikimtoka kwenye vinyweleo kama jasho. Na kibaya zaidi, alikuwa anatafuna. Alikuwa akiketi uani juani, mikono mapajani, kinywa kitupu, anatafuna polepole kwa ufizi wa mbele kama mzee, mate yakimshuka kidevuni. Yao aliyafuta mate yale kwa mkono wake mwenyewe, na kila alipoyafuta alijichukia kwa kumwonea kinyaa damu yake.

"Dada, kule chini kuna baridi," Sang alimwambia siku moja, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za sokoni. "Anataka nimchane nywele. Zinang'oka na ngozi, lakini anasema haimuumi."

Yao alimziba mdomo kwa kiganja. Jioni ileile Jing akatangaza kwamba kesho, baada ya chakula cha mchana, Sang ataingizwa kulala kwenye kitanda cha mfalme, wala hatatoka humo mpaka aitwe na mwenyewe.

Asubuhi Yao alimfuata Bi Quan jikoni. Huyu ndiye mkubwa wao wote, mwanamke wa kusini ambaye mamake alikuwa mganga wa kuzungumza na wafu. Maji yalikuwa yakitokota kwa kelele, wakainamiana juu ya chungu kama wanaoonja chumvi.

"Hatoki kwa moshi wa majani ya pakanga huyo," Bi Quan alinong'ona. "Wala kwa damu ya mbwa. La kuvunda halina ubani."

"Sasa anataka nini?"

"Anataka alichozoea. Sisi wenyewe tumemwamsha, mwanangu. Kila asubuhi tunamwekea maji, tunamuuliza amelalaje. Kwetu maiti huambiwa. Mtu wa nyumbani kwake anamwita jina lake, anamwambia, fulani, umekufa, nenda. Huyu nani alimwambia?"

"Basi aambiwe leo."

"Na sheria ile nyingine umeisahau?" Bi Quan akamshika kifundo cha mkono. "Humu ndani tunaishi sote juu ya uongo huu mmoja. Ukiutoboa, tunamwagika wote."

Yao akatazama uani. Sang alikuwa ameketi chini ya ukuta, anatafuna hewa, na nzi wanamzunguka wasitue.

"Nisamehe kabisa sasa hivi, Bi Quan," akasema, "maana baadaye huenda nisipate nafasi."

 Yule mama alikoroga chungu, akafuta macho kwa sababu ya moshi au kwa sababu nyingine. Kisha akamwambia achukue mtama mbichi, chakula ambacho mwenye uhai hali, ampe kwa mkono wa kushoto, amwite kwa jina alilopewa na mamake, ambalo Bi Quan alimnong'oneza sikioni, huku akimtazama, na akimaliza asitoke kinyumenyume. Ageuke ampe mgongo, kama mtu anavyoliacha kaburi.

Saa ya chakula cha mchana Yao aliingia na bakuli la mtama mbichi juu ya sinia la dhahabu. Jua lilikuwa utosini na chumba kilijaa mwanga, na afadhali kingekuwa na giza, kwa kuwa katika mwanga ule aliliona shuka alilolitandaza kwa mikono yake alfajiri limevimba umbo la mtu aliyelala chali, limelowa kifuani na tumboni kwa maji ya rangi ya chai, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya samaki ilivyomjia na kumwingia puani na kooni na kwenye nywele, mpaka akahisi ameshaimeza, na chini ya shuka, mahali ambapo kinywa kingekuwa, kitambaa kilikuwa kikiingia na kutoka, kikiingia na kutoka, kikitafunwa.

Akaliweka bakuli kwa mkono wa kushoto. 

"Kui," akasema.

Kutafuna kukakoma.

"Kui, umekufa. Ulikufa kiangazi, ukanuka kabla rangi ya jeneza haijakauka. Hiki ndicho chakula chako. Kula, uende."

 Kisha sauti ikatoka, laini, yenye majimaji, sauti ya kinywa kisicho na meno.

"Nani mwingine anajua?"

Ndilo swali alilouliza maisha yake yote kila alipoletewa habari mbaya, na waliotajwa katika jibu hawakuonekana tena. Hasira ikampanda Yao.

"Wote wanajua. Hata wasugua sufuria wanajua."

Shuka likashuka taratibu. Maji meusi yakatiririka kutoka kitandani, yamechanganyika na matone ya zebaki na nywele, yakapita chini ya kigoda, yakapita karibu na kidole gumba cha mguu wake, yakazama katika nyufa za sakafu yakielekea kule kilimani. Yao akageuka, akakipa kitanda mgongo, akatembea. Alikuwa amefika kizingitini sauti ilipopanda tena, sasa kutoka chini ya ardhi, nzito, ikitikisa vikombe kwenye rafu.

"Kama mimi nimekufa, mbona ninyi mko hai?"

Towashi Jing alikuwa amepiga magoti nje ya mlango. Alikuwa amesikia yote.

Uani Sang alikuwa ameinama, anatapika. Tonge likamtoka zima, la kijivu, na alama za ufizi zilikuwa bado juu yake. Akajifuta mdomo, akainua uso, na macho yalikuwa yake mwenyewe. "Dada, nina njaa," akasema. Yao alimkumbatia akalia kwa furaha, lakini hakuwahi kumpa hata kijiko cha uji, kwa sababu Jing alikuwa ameshawaita walinzi.

Alasiri wanawake wakapangwa kwenye mteremko wa kaburi, sheria ile ya kumsindikiza mfalme itimizwe. Jing alikuwa mpole sana kwao. Aliwataka wajipake poda, akawaambia heshima kama hii haimfikii kila mtu. Yao alimwangukia miguuni, akamwambia neno lile alilisema yeye peke yake, amchukue yeye, amwache Sang ambaye hata ndoto za utotoni hazijamtoka. Jing akamjibu kwamba bwana amesema ninyi, hakusema wewe. Alipoinuka, Yao alimkuta Bi Quan ubavuni mwake. Alitegemea laana.

"Angalau ametapika," Bi Quan akasema, akamshika Sang mkono wa pili.

Walinzi wakaliegemea jiwe, mlango ukafunguka, na uvundo ukatoka. Mmoja wao alitapikia ngao yake. Mkuu wao, mtu wa makamo mwenye kovu shavuni, alijiziba pua kwa mkono wa kanzu, na Yao akaona jinsi asivyotaka kuwatazama wanawake usoni. Ndani palikuwa na weusi unaong'aa chini, kwa mito ya zebaki ambayo mfalme aliichimbisha humo enzi za uhai wake, na kutoka huko ilisikika kama mtu anayevuta miguu iliyolowa.

"Tumewaleta, Mwenye Miaka Elfu Kumi," Jing akaita, paji la uso kwenye vumbi.

"Jing," sauti ikasema. "Na wewe, mbona uko hai?"

Jing aliinua uso. Ulikuwa umejaa vumbi, na kwa mara ya kwanza Yao aliona hofu juu yake.

"Na wenye mikuki," sauti ikaendelea. "Nani atanilinda? Na wapishi. Na wale wa mjini. Mbona wako hai?"

Hakuna aliyesogea. Walinzi walitazamana, na mikuki yao ikaanza kugonganagongana. Sheria ilipokuwa ya wanawake ilikuwa sheria. Sasa ilikuwa imewafikia wao, na kila mmoja alikuwa na mke wake, na supu yake iliyokuwa ikimngoja motoni. Mkuu wao akakohoa. 

"Nyie," akawauliza watu wake polepole, "kuna aliyesikia kitu?"

Wakaishusha mikuki.

"Hatujasikia, mkuu," mmoja akasema.

"Mimi nimesikia upepo," akasema mwingine.

"Maiti hasemi," akasema Bi Quan kwa sauti ya juu, na Yao, akiwa amemkumbatia Sang kwa nguvu hata mifupa ikamuuma, akasema kwamba hata yeye hajasikia neno.

Ndani, miguu iliyolowa ilisimama.

"Jing," sauti ikaita tena, na safari hii ilikuwa ndogo, ya mzee aliyeamka akakuta hakuna mtu.

"Towashi, rudi huku," mkuu wa walinzi akamwambia. "Ziba masikio, bwana, rudi."

Jing aligeuka akawatazama. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu, na yeyote angeona kwamba hakutaka. Alitaka kunyamaza. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini alikuwa hajawahi kunyamaza akiitwa, na mwili ukajiendea kwa mazoea yake.

"Naam, bwana," akasema, akaingia.

Walinzi wakalisukuma jiwe kwa mabega, wakachukua majembe, na wanawake wakachota udongo kwa mikono na kwa pindo za nguo zao za hariri, Sang akiwa miongoni mwao. Wakafukia mpaka jua likazama, na muda wote huo kule ndani mtu mmoja alikuwa akiitwa, na alikuwa akiitika.