Masizi ya Kibiwott

"Kibiwott gani?" Rotich aliniuliza, koleo la makaa mkononi, jasho jeusi likimchuruzika. "Huyo aliomba likizo, dada. Safari hii mimi ndiye nachochea moto."

Nilibaki nimekumbatia thamosi ya chai. Gari la moshi la zamani, lile la kutembeza watalii, lilikuwa limesimama stesheni ya Bungoma kujaza maji. Kibiwott wangu alikuwa ameniapia kwamba yumo ndani, kazini. Na kesho yake wazee wa kwao Kitale walikuwa waje kwetu Kamukuywa na mahari.

Mara treni ya abiria, ile ya dizeli, ikaingia kando yake. Reli ni moja, kwa hiyo treni hupishana stesheni. Kibiwott, mtu wa reli mzima, alisahau kwamba gari hilo kuukuu huchelewa na wangelikuta hapa!

Nikamwona akishuka kwenye dizeli, shati jeupe, mkono kiunoni mwa mwanamke. Akaniona. Unajua alifanya nini? Alikimbia nyuma ya injini ya makaa, akarudi amejipaka masizi usoni.

"Sellah mpenzi! Kazi ni mingi bana, hata sijalala!"

Shati bado jeupe pe.

"Umeshuka dizeli nikikuona."

"Ai, si ulikuwa mbali? Umenifananisha."

Yule mwanamke akatufikia. "Baba Chebet, mbona umejipaka uchafu? Na huyu ni nani?"

"Huyu? Ni... ni wa kuuza chai, Sally."

"Chai hii nimempikia mchumba wangu," nikamwambia Sally. "Kumbe ni bwana yako."

Sally alimtazama, akashika mdomo, akarudi kwenye behewa.

Kibiwott akaninong'oneza: "Usiniaibishe. Wewe nyamaza tu kesho. Mtazoeana na yeye."

Mtazoeana! Nilitema mate relini.

Nyumbani sikusema kitu. Nilitaka aje asikie mwenyewe. Akaja kweli, amenawa, anang'aa, ng'ombe wamefungwa nje. Kwetu mahari hailiwi mpaka msichana aulizwe, basi baba akaniita mbele ya wageni wote.

"Sellah, mwanangu. Watu wameleta. Tule?"

Mjinga yule akanikonyeza.

"Baba, huyu ana mke na mtoto, na jana alinikana mbele ya mkewe. Ananitia kinyaa. Msile."

Baba alisimama polepole, akawageukia wageni.

"Mmesikia. Fungueni ng'ombe wenu."