Dobi Ameitwa Shuleni

Kaka yangu ni dobi. Watu wote wanamwita Dobi, hata mimi dada yake. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Ndani kuna meza ndefu ya kupigia pasi, madumu ya maji, na kamba zilizojaa mashati ya watu. Mimi ni msusi. Nasuka nywele chumba cha pili. Ukuta wetu ni mwembamba. Dobi akipiga chafya nasikia, na akisema upuuzi nasikia pia.

Upuuzi wake mkubwa ulikuwa huu. Mteja akikaa tu kusubiri nguo, Dobi anaanza:

"Binti yangu yuko kidato cha tatu. Tangu aanze shule, sijawahi kuitwa shuleni. Hata siku moja!"

Anajipiga kifua. Wateja wanamwambia hongera, umelea. Kichwa kinavimba. Kwake yeye, mzazi anayeonekana shuleni ni mzazi wa mtoto mkorofi. Mikutano ya wazazi haendi. Anasema, "Wanaokwenda kule ni wale walioshindwa na watoto wao."

Binti mwenyewe tunamwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, tukamlea mimi na baba yake. Mtoto huyu na kemia ni chanda na pete. Doa la wino, doa la chai, doa la kutu, kila moja anajua dawa yake. Siku moja Dobi alitaka kuchanganya dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya kusafishia choo. Kidoti alimnyang'anya ndoo.

"Baba, hewa yake itakuua!"

Anataka kuwa mfamasia. Anasema hivyo tangu shule ya msingi. Na bila kemia hakuna ufamasia.

Sasa sikia mambo ya kaka yangu. Mimi haya nilisimuliwa baadaye, maana Jumamosi huwa nasuka majumbani kwa watu. Kwa dobi, Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Kila mtu anataka nguo yake. Asubuhi moja Kidoti alisimama mlangoni na sare ya shule.

"Baba, tuna vitendo vya kemia leo. Vitendo vyetu ni kila Jumamosi."

"Shule ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi ni shule gani? Shule ya kuzurura?"

"Si kuzurura, baba. Nenda kamuulize mwalimu."

"Mimi niende shuleni? Mimi? Vua hiyo sare ushike pasi!"

Akavua. Akashika pasi. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine.

Kisha siku moja jioni simu ya Dobi ikalia. Nilikuwa chumbani kwangu, nasikia kila neno.

"Ndiyo, mimi baba yake... Nahitajika shuleni? Lini? Haya."

Akakata simu. Halafu kelele.

"Kidoti! Umefanya nini? Umempiga mtu? Umeiba? Sema!"

"Sijafanya kitu, baba! Nilikuambia..."

"Nyamaza! Miaka yote hii sijaitwa. Leo unanivua nguo mbele za watu!"

Hakwenda shuleni ng'o. Mwalimu akapiga tena. Dobi akiiona ile namba, anaifunika simu kwa shati la mteja mpaka inyamaze. Mtu mzima na ndevu zake, anamfichia mwalimu simu!

Mimi nikadhani shuleni alishakwenda, na anayempigia ni mtu anayemdai, nikaacha. Mpaka Alhamisi moja Kidoti akaingia kwangu na macho mekundu. Nilikuwa namsuka mteja.

"Shangazi, naondolewa kemia."

"Nani anakuondoa?"

"Shule. Nimekosa vitendo vingi. Asiyefanya vitendo hawezi kufanya mtihani wa kemia. Mwalimu anasema baba asipofika kesho, Jumatatu nahamishiwa somo jingine."

Hasira zilinipanda. Nilimwacha mteja na nusu kichwa. Nikamwambia, "Samahani, nakuja," nikatoka.

Mwalimu wa darasa, ambaye ndiye pia wa kemia, nilimkuta katika chumba cha walimu. Ni mwanamke mwembamba, ana chaki mpaka kwenye kiwiko. Mbele yake madaftari yamerundikana. Sikubisha hodi.

"Wewe ndiye unayemtoa mtoto wangu kemia?"

"Karibu ukae, mama. Wewe ni nani wake?"

"Shangazi yake. Na sikai!"

Akainuka.

"Basi na mimi nasimama," akasema. "Baba yake nimempigia mpaka nimechoka. Hapokei! Kidoti anaelewa kemia kuliko darasa zima, halafu Jumamosi anapiga pasi. Unafikiri mimi hainiumi?"

Lo! Nilikuja kugomba, nimekutana na mgombaji mwenzangu. Lakini sikurudi nyuma.

"Kwa nini vitendo viwe Jumamosi?"

"Maabara ni moja. Siku za wiki wanaitumia kidato cha nne. Tuliwaeleza wazazi kwenye mkutano, mwanzo wa muhula. Tena ratiba tuliituma kwenye kundi la wazazi, kwenye simu."

"Kundi gani? Simu ya kaka yangu ni ya vitufe! Inapiga na kupokea, basi. Na ulipompata ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anahitajika shuleni."

"Ukamweleza sababu?"

"Hapana. Huwa tunasema hivyo tu."

"Huwa mnasema hivyo tu!" Nikapiga meza, madaftari yakaruka. "Mwalimu, mzazi akiambiwa anahitajika shuleni, anafikiri mwanawe ameua mtu! Ungetaja kemia tu, neno moja, mtoto asingegombezwa kama mwizi. Wewe unajua unachomwitia. Yeye atajuaje?"

Mwalimu akakaa. Na mimi nikakaa, maana miguu ilikuwa imechoka.

"Hapo umenipata," akasema. "Hatukufanya vizuri. Lakini na ninyi mnisikilize. Mtoto wa sekondari ana mambo mengi kuliko wa msingi. Ana vitendo, ana majaribio, ana masomo ya kuchagua. Kila kimoja kina siku yake. Mzazi asiyeijua ratiba anaweza kumzuia mtoto bila kukusudia. Mzazi aje mwanzo wa muhula. Anijue, nimjue. Awe na namba yangu, na mimi niwe na namba mbili za nyumbani, moja ikikosekana nipige nyingine. Mtoto akisema jambo la shule na mzazi ana shaka, anipigie aniulize. Kuuliza si ugomvi."

"Na kuitwa?"

"Kuitwa si aibu. Wengine nawaita niwaambie mtoto amefanya vizuri. Nao hawaji!"

"Na kemia ya mtoto?"

"Baba yake aje kesho. Akikubali, Kidoti atafidia vitendo alivyokosa baada ya masomo, nami nitabaki naye. Asipokuja, sina la kumwambia mkuu wa shule."

Nikamwachia namba yangu. Nikarudi nyumbani nikiwa nawaka. Dobi alikuwa mezani, anapiga pasi shati jeupe. Wateja wawili wanasubiri. Kidoti anakunja mashuka kwenye kona.

"Simu yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Ya nini, dada?"

"Itoe chini ya hilo shati! Unajisifu hujaitwa shuleni. Umeitwa, na umejificha! Usipokwenda kesho, Jumatatu mwanao anapoteza kemia kwa sababu ya Jumamosi zako!"

"Dada, taratibu, kuna watu."

"Wasikie! Kaka, wewe ukiona kola tu unajua shati ni la nani. Mashati yote haya unawajua wenyewe. Mwalimu wa mwanao je? Mrefu? Mfupi? Mwanamume? Mwanamke?"

Dobi akamgeukia Kidoti amsaidie. Hakujua. Haki ya Mungu, hakujua.

Kidoti akaweka shuka chini.

"Baba," akasema, "nilikuambia nenda kamuulize mwalimu. Ukaniambia nivue sare."

Hakupaza sauti. Lakini alikuwa na hasira, nami nilifurahi kuiona. Harufu ya kuungua ikajaa chumba. Dobi alikuwa amesahau pasi juu ya shati. Kaka yangu, ambaye hajawahi kuunguza hata leso!

Mteja mmoja akaruka. "Dobi! Shati langu!"

"Nitakulipa," Dobi akasema, lakini alikuwa anamtazama binti yake. "Kesho naenda. Asubuhi."

Ijumaa alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Nilikwenda naye, asije akageuza njiani. Getini alitembea kama mtu anayepelekwa polisi. Mwalimu akampa mkono, akampeleka maabara. Akamwonyesha meza, chupa, na kiti cha Kidoti kisichokaliwa Jumamosi.

Dobi akakishika kile kiti. Macho yakamjaa machozi.

"Nilidhani namkinga asizurure," akasema. "Kumbe nilikuwa namfungia njia."

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Mwalimu sasa akipiga simu anaanza na sababu. Wenye simu za vitufe wanatumiwa ujumbe wa kawaida. Ratiba ya Kidoti imebandikwa ukutani, juu ya meza ya pasi. Wateja wanajua nguo za Jumamosi ni mchana, na anayenuna anune. Kidoti alibaki shuleni kila jioni mpaka akafidia vitendo vyote. Kemia hakutolewa. Mwisho wa muhula aliongoza darasa, na mwalimu alinipigia mimi pia kuniambia. Nilipiga vigelegele, mteja wangu akashtuka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bado nyumbani, simu ya Dobi ikalia. Hakuifunika. Aliweka pasi pembeni akapokea mara moja.

"Ndiyo, mwalimu, sijasahau. Nakuja sasa hivi."

Mteja aliyekuwa akisubiri akatikisa kichwa. "Pole, Dobi. Kumbe na wewe wamekuita shuleni?"

"Pole ya nini?" Dobi akafoka. Alikuwa tayari anavua aproni. "Leo watoto wanawaonyesha wazazi vitendo. Mwanao si yuko darasa moja na wangu? Wewe uliitwa lini?"

"Mimi? Walinipigia wiki iliyopita. Sikupokea."

Dobi akalivuta shati la yule mteja kutoka kwenye kamba. Lilikuwa bado na moto wa pasi. Akamtupia.

"Vaa," akasema. "Twende."