Jini la Vitu Vilivyozoeleka

Mujinga aliunguzwa na mbabula ambayo hakuiona. Ilikuwa saa sita mchana, jua la mtaa wa Musonoi limesimama juu ya mabati, na jiko hilo la makala, yaani makaa, lilikuwa pale pale linapokaa siku zote, karibu na mlango, maji ya bukari, ugali wao, yanachemka juu yake. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia, akaanza hata kumshuku jirani, na ndipo mguu wake ukagusa chuma cha moto. Hata baada ya kuungua, macho yake yalikataa kutulia juu ya kitu kile. Yaliteleza tu.

Alijiambia ni uchovu. Mujinga alikuwa mchoraji wa vibao, na kazi haikumpa nafasi: leo saluni, kesho duka la dawa, keshokutwa kuku wa kukaanga kwenye ukuta wa nganda, baa ya mtaani. Mkono wake ulizoea hivi kwamba angeweza kumchora kuku mzima huku anapiga soga na wapita njia. Alijivunia jambo hilo. Basi na ajivune, tutafika.

Chanzo kilikuwa mume wake, nalisema wazi hata kama yuko hai na atakasirika. Ntambwe, mzaliwa wa Kapanga, alikuwa creuseur, mchimbaji wa sururu, kama nusu ya mtaa, na kama nusu ya mtaa aliamini kwamba lile jiwe jeusi la kobalti limejaa chini ya nyumba yake. Akavunja simenti ya salon, sebule yao, akashuka. Sasa, kwao hakuna mchimbaji asiyejua kwamba shimo jipya halifunguliwi kabla ya kuwapigia hodi wenye udongo, wale waliotangulia kulala humo, na kupaka pemba, ule udongo mweupe, pembeni mwa shimo. Huko kwenye vilima Ntambwe hakuwahi kukosa. Lakini alisema hayo ni mambo ya porini, na mtu haombi ruhusa ndani ya salon yake mwenyewe, mbele ya kabati na kalenda ya parokia. Kwenye mita kumi na tisa sururu ikatoboa mahali patupu. Upepo ukapanda, una harufu ya shaba iliyolowa, ile ladha inayobaki mdomoni ukilamba ufunguo.

Tangu hapo vitu vya nyumba vikaanza kutoonekana. Havikuibwa, unielewe vizuri, vilikuwapo. Bidon mpya ya njano, ya kuchotea maji, iliyonunuliwa Jumatatu ilionekana bila shida. Ila kabati la harusi, picha ya mama mkwe, ufagio, vile ambavyo jicho limepita juu yake mara elfu, vilififia mpaka ukajigonga navyo. Na kila kilipofifia kimoja, shimoni ilisikika sauti ya kulamba, polepole, kama ng'ombe anayelamba chumvi.

Wakamwita mama Fidélie, jirani yao, kiongozi wa kikundi cha maombi. Alikuja mchana kweupe na rozari yake, akasimama kando ya shimo, akaanza sala aliyoijua tangu utotoni, ile anayoweza kuisema huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. Katikati ya sala sauti ikakatika. Midomo iliendelea kutembea, mishipa ya shingo ikamsimama, na halikutoka neno hata moja. Kule chini kitu kililamba kwa raha. Mama Fidélie aliondoka bila kuaga, na kandambili moja tu mguuni.

Wangehama, lakini Ntambwe hakutaka kusikia. Mshipa wa jiwe ulikuwa mnene kama paja lake.

Alhamisi Ntambwe alipanda kutoka shimoni, akanawa, akagawa bukari kwenye sahani mbili. Mujinga akamuuliza sahani ya Glodie iko wapi. Glodie alikuwa binti yao wa pekee, miaka tisa, na dakika hiyo alikuwa amesimama mbele ya baba yake, amemshika shati.

"Glodie gani?" Ntambwe akauliza.

Hakuwa anatania. Alimpita mtoto kama mtu anavyopita nguzo, akaketi, akaanza kula. Mujinga akageuka kumtazama mwanawe, na alichoona ni sare ya shule tu, shati jeupe na sketi ya bluu, na juu ya kola, pale uso unapopaswa kuwa, macho yake yakateleza, akayarudisha yakateleza tena, akayarudisha kwa nguvu mpaka yakamtoka machozi, na huku akisikia mtoto analia karibu kabisa na tumbo lake hakuweza kukumbuka kama mtoto huyo ana macho makubwa au madogo, na ile sauti ya kulamba ilikuwa sasa haiko shimoni tena bali juu, kwenye simenti, karibu na miguu ya Glodie.

Kisha jini lenyewe likasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Mi si mwizi, mama. Naokota tu bitu byenye mulisha kutupa. Huyu mutoto, mulimwangaliaka lini?"

Kilichomuuma Mujinga ni kwamba lilisema kweli. Alimwogesha, alimlisha, alimsuka nywele kila Jumapili. Kumwangalia, hapana. Aibu ikampanda, na aibu ikageuka hasira. Hasira hiyo ndiyo iliyomwokoa, maana angekuwa na woga peke yake angekimbia na kumwacha mtoto humo bila kujua.

Akamfunga Glodie kiunoni mwake kwa kitenge, asimpoteze. Akatwanga rangi, ili achore upya kile ambacho macho yameacha kukitazama: jiwe la kijani kutoka kwenye magunia ya mumewe, jiwe jeusi, udongo mwekundu wa uani, na pemba. Kwanza akajaribu mbabula. Aliichora ukutani haraka, safi, kama alivyoichora kwenye vibao vyote vya mji. Hakuna kilichotokea. Jini likacheka, na likailamba picha yenyewe ikafifia kabla haijakauka.

Hapo Mujinga akaelewa. Mkono wake ulikuwa umechora mbabula ya vibao, siyo ile iliyomuunguza. Akapiga magoti, akaipapasa kwa vidole, na akachora kila alichokigusa: mdomo uliopasuka, mguu wa tatu uliofungwa waya, tumbo lililojaa matundu. Akaichora kubwa mpaka darini, ya kijani, inacheka kama mzee mlevi. Ntambwe akaruka kutoka kwenye kiti, ameiona mbabula yake ya miaka kumi, na akauliza nani amemwingiza mnyama ndani ya nyumba.

"Haya, mwana," Mujinga akanong'ona. "Sasa wewe."

Akafumba macho, maana hayakuwa na faida, akaupitisha mkono usoni kwa mtoto. Sikio la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Hakujua. Chini ya kidevu palikuwa na kovu.

"Hii ni nini?"

"Nilianguka pa forage, nikichota maji, mama. Nilikwambiaka. Ulijibu tu ee."

Mujinga alichora akilia, na hakuona haya. Alichora sikio, kovu, jino linalochomoza vibaya, na ule ubishi wa nyusi ambao mtoto hakuurithi kwa mtu. Nyuma yake simenti ilinguruma, harufu ya shaba ikapanda, kitenge kikavutwa mara tatu kuelekea shimoni, naye akavuta kwake na kuendelea kuchora. Alipomaliza, Ntambwe alikuwa amesimama katikati ya salon, anamkazia mtoto macho.

"Huyu mutoto ni wa nani?" akauliza, kwa adabu, kama anayewauliza watu wakubwa.

"Ni wetu, tata Glodie. Baba yake ni wewe. Anza kumwangalia."

Akaanza. Uso wa Glodie ukawarudia wote wawili; akapiga magoti, akalia kwa sauti, na jini likarudi chini.

Ntambwe alifukia shimo na kupaka pemba, amechelewa, ila alipaka. Hata hivyo kila wiki udongo unabonyea kidole kimoja. Ndiyo maana kila Jumamosi Mujinga anaupaka ukuta mzima chokaa ili achore upya, na majirani wanamlaumu kwa kufuta picha nzuri vile. Anawajibu kwamba picha mliyoizoea nayo ni chakula.

Jumamosi iliyopita, ukuta ukiwa mweupe, sauti ilitoka chini ya simenti, tulivu kabisa.

"Utachoka, mama. Batu bote banachokaka."

Mujinga hakuangalia chini. Alichovya brashi kwenye rangi ya kijani, akamvuta binti yake mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akamshika kidevu.

"Simama apa, mwana," akasema. "Leo tena sikujue bado."